Amplifaya ya Mzee Stoo

Amplifaya ilikutwa imekufa siku ya Alhamisi, saa tatu kasorobo asubuhi, na familia nzima ikaupokea msiba huo kwa ujasiri wa kupigiwa mfano. Hakuna aliyelia, hakuna aliyezimia. Badala yake, kila mtu alijua papo hapo ni nini kilichoiua. Kaka mkubwa wa nyumba alijua. Mama Mkwe alijua, ingawa alikuwa jikoni na hakuwa ameiona. Jirani aliyekuwa akianika nguo upande wa pili wa ukuta alijua pia, akatoa maoni yake bila kuulizwa na bila kutoa kibanio mdomoni. Mtu mmoja tu katika eneo lile alikiri kwamba hajui bado, na huyo ndiye peke yake aliyekaa miaka miwili katika chuo cha ufundi akisomea umeme wa magari.

Huyo aliitwa Bi Harusi. Miaka sita ilikuwa imepita tangu aolewe katika nyumba ile na mtoto wa pili wa kiume, fundi cherehani mpole. Alikuwa amekwisha kuzaa watoto wawili na kuwalea hadi wanajua kufunga kamba za viatu. Lakini jina la siku ya kwanza lilikuwa limemng'ang'ania kama lebo kwenye gauni jipya. Ubi harusi wake ulikuwa na manufaa makubwa kwa watu wengine. Bi harusi hatarajiwi kutoa maoni; anatarajiwa kutoa chai.

Gari lenye amplifaya hiyo lilikuwa pikapu ya zamani iliyofungwa spika mbili za honi juu ya paa. Mwenyewe alikuwa baba mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Stoo, kwa sababu alikuwa ametunza stoo ya kiwanda kwa miaka thelathini na mmoja na hakuwahi kupoteza hata washa moja ya boliti. Alipostaafu alinunua gari hilo akawa mtangazaji. Chanjo ya mifugo, mkutano wa wazazi, duka lililohama, mbuzi aliyepotea: habari zote zilipita kooni mwake, naye alizitangaza kwa sauti ile ile nzito, kana kwamba mbuzi naye alikuwa na cheo serikalini. Stoo aliiacha kiwandani, lakini tabia zake alizibeba nyumbani. Ndoo zilikuwa na namba. Viti vilikuwa na namba. Kila alichokifanya kwa mikono yake alikiandika katika daftari dogo lililokaa mfuko wa shati, kwa maana kazi isiyoandikwa, kwake yeye, ilikuwa haijafanyika.

Siku hiyo alikuwa na tangazo la kweli. Maji yangekatwa mtaa mzima kuanzia alfajiri ya kesho yake, kwa siku mbili, na watu walipaswa kuambiwa mapema wajaze vyombo. Gari lilitakiwa kuingia barabarani saa tisa alasiri. Mzee Stoo hakuwa amewahi kuchelewesha tangazo hata moja, na asubuhi ile alipowasha gari kwa mara ya kwanza tangu alipolifanyia usafi mkuu, taa za redio ziliwaka vizuri, ila amplifaya nyuma ya kiti haikuwasha hata kitaa chake kidogo cha kijani. Spika juu ya paa zilinyamaza kama wageni waliokasirika.

Basi Injinia akaitwa.

Injinia alikuwa kaka mkubwa, mtoto wa kwanza wa Mzee Stoo, na cheo chake alipewa na picha. Ilitundikwa sebuleni, katikati ya ukuta, ikimwonyesha amevaa kofia ngumu ya manjano na kubana karatasi ndefu iliyokunjwa kwapani, mbele ya ghorofa lisilokwisha. Karatasi ile ilikuwa kalenda, na pale kwenye ujenzi alikuwa amekwenda kumtafuta rafiki yake. Lakini picha haisemi mambo hayo. Cheti cha Bi Harusi nacho kilitundikwa, si kwamba kilidharauliwa. Kilikuwa chumbani, nyuma ya mlango, na mtu aliyetaka kukisoma alilazimika tu kuhamisha makoti mawili na mwavuli.

Injinia alianza matibabu kwa kubadilisha fyuzi iliyokuwa nzima. Fyuzi mpya iliposhindwa kuleta uhai, aliweka kubwa zaidi. Kubwa iliposhindwa, alichukua ya tatu akaizungushia karatasi ya fedha kutoka kwenye pakiti ya sigara, ili umeme, kama alivyoeleza, upate njia pana. Bi Harusi alikuwa akipita na beseni la nguo. Alisema kwa heshima kwamba fyuzi imewekwa pale iungue kabla gari halijaungua.

"Hayo ya darasani, shemeji," Injinia alimjibu bila kugeuka. "Huku tuko kazini."

Kisha akazipuliza nyaya. Kisha akaigonga amplifaya kwa mpini wa bisibisi, kichwa amekiinamisha kama daktari anayesikiliza kifua. Kisha akaamua kwamba imechoka, iachwe ipumzike nusu saa, naye akaenda kupumzika pamoja nayo ili isijisikie mpweke. Ilipofika saa sita alitoa jibu la mwisho: transista zimeungua, na yeye amesikia harufu. Harufu ilikuwapo kweli. Mama Mkwe alikuwa anakaanga vitunguu. Iliyobaki ni kununua amplifaya mpya, na kwa bahati nzuri Injinia alimjua mtu.

Lakini katika nyumba ile hakuna kilichozungumzwa mwezi huo bila chumba cha mbele kuwamo ndani yake. Chumba hicho kilikuwa na mlango wake unaofunguka barabarani, na tangu kinyozi aliyekipanga ahame, kilikuwa kitupu na kilikuwa na waombaji wawili. Bi Harusi alikitaka kiwe karakana. Watu walikuwa wamekwisha kuanza kumletea taa za magari, redio na vingora, naye aliwatengenezea uani juu ya gunia, akikusanya kila kitu mbio mvua inapoanza na kukirudisha chini ya kitanda, ambako mumewe alikuwa amekwisha kukanyaga koleo mara mbili. Injinia alikitaka kiwe ofisi. Ofisi ya ushauri. Ushauri wa nini, hakuna aliyeuliza, kwa kuogopa kushauriwa. Alikuwa amekwisha kuchongesha meza yenye droo tatu, na kwa miezi miwili meza hiyo ilikaa koridoni, na familia nzima ilijifunza kutembea kwa ubavu.

Wakati wa chakula cha mchana, Bi Harusi aliweka sahani ya mwisho mezani na hakuondoka.

"Baba," alisema, "naomba niitazame mimi."

Mumewe aliinamia sahani yake kwa makini, kama mtu aliyedondosha sindano ndani ya mboga. Mama Mkwe alisema, kwa upendo wote, kwamba mwanangu utajichafua. Injinia alicheka mpaka akalazimika kunywa maji, kisha akasema maneno ambayo aliyakusudia yawe mzaha.

"Mwacheni. Akiifanya izungumze, chumba achukue."

Mzee Stoo alikuwa na mapungufu mawili matatu, na mojawapo ni kwamba hakujua mzaha. Neno likishatamkwa mbele yake lilihesabika kama mzigo uliokwisha kupokelewa getini. Alifuta mikono, akamtazama mwanawe, akamtazama mkaza mwanawe, akatoa hukumu. Amplifaya ikizungumza kabla ya saa tisa kwa kazi ya Bi Harusi, chumba ni chake. Isipozungumza, meza iingie leo leo, vifaa virudi chini ya kitanda vikae huko, na yeye asisikie tena habari ya chumba hicho mpaka atakapozikwa. Baada ya kusema hivyo alikwenda kulala kidogo, kama kawaida yake, akiamini kwamba amerahisisha mambo.

Bi Harusi alianza kwa kuondoa msaada uliokwisha kutolewa. Alitoa fyuzi yenye karatasi ya fedha, akainua ile ya kwanza juani akaona ni nzima, akairudisha. Alitandika gunia, akapanga juu yake bisibisi mbili, spana, kipande cha msasa na kipimo chake cha umeme, kila kimoja mahali pake. Kisha akatulia. Chuoni alikuwa na mwalimu aliyependa kurudia kwamba mashine iliyonyamaza huulizwa swali moja kwa wakati mmoja, kwa kuwa ukiiuliza maswali matatu pamoja itakujibu kwa moshi.

Injinia alikuwa ameketi juu ya ndoo namba saba, iliyogeuzwa, akimsindikiza kwa maelezo. Alieleza kwamba kipimo kinadanganya. Alieleza kwamba fundi wa kweli husikiliza. Alimwuliza kama alikuwa anatengeneza au anapanga harusi nyingine.

"Shemeji, ukikaa kimya dakika kumi nitakuletea chai," Bi Harusi alisema.

"Yenye sukari?"

"Yenye sukari."

Alikaa kimya kama dakika mbili, nayo ilikuwa rekodi.

Mambo yenyewe hayakuwa mengi. Amplifaya ya gari inahitaji nyaya tatu ili iamke. Wa kwanza ni mnene, unaleta umeme kutoka kwenye betri. Wa pili ni mwembamba, unatoka kwenye redio na kazi yake ni kuiambia amplifaya kwamba kumekucha. Wa tatu hufungwa kwa boliti kwenye chuma cha gari lenyewe, na kupitia huo umeme hurudi ulikotoka. Ukikosekana mmoja kati ya hizo, amplifaya haijafa wala haiumwi. Imelala tu, na kuigonga mpini wa bisibisi ni kumsumbua aliyelala. Tatizo lilikuwa kuzitambua. Katika usafi wake mkuu wa wiki iliyopita, Mzee Stoo alikuwa amezivalisha nyaya zote tepu nyeusi, mwanzo hadi mwisho, zikapendeza kama wanafunzi wenye sare, na kama wanafunzi wenye sare, ukiziangalia kwa nyuma huwezi kujua nani ni nani. Bi Harusi alizifuata kwa vidole, moja baada ya nyingine, kutoka kwenye betri hadi nyuma ya kiti.

Aliweka ncha nyekundu ya kipimo kwenye waya mnene, na ncha nyeusi kwenye bawaba ya mlango, palipokuwa na chuma kitupu. Kipimo kikasoma kumi na mbili na nukta sita. Umeme upo. Aliwasha redio, akapima waya mwembamba. Kumi na mbili tena. Amri ya kuamka nayo ilikuwa inafika. Ndipo alipohamisha ncha nyeusi kutoka kwenye bawaba akaiweka kwenye waya wa tatu, pale unapoingia katika amplifaya yenyewe.

Sifuri.

Alirudia, kwa kuwa mtu mwangalifu huliachia jibu nafasi ya kubadili mawazo. Sifuri. Waya wa tatu ulikuwa umefungwa, umekazwa, haukukatika popote, na haukupeleka kitu chochote kokote. Umeme ulikuwa na njia ya kuja na hauna njia ya kurudi. Na umeme, tofauti na ndugu wengine, haukubali kwenda mahali usikoweza kurudi.

Aliingiza kichwa na mabega nyuma ya kiti, akainua zulia la mpira, akaona sakafu ya gari inang'aa.

Ilikuwa imepakwa rangi ya kijivu, laini kama yai lililomenywa. Boliti ya waya wa tatu ilikuwa katikati yake, nayo ilipakwa: kichwa, shingo, na kila pindo la uzi wake. Pete ya waya ilipakwa juu, na alipolegeza nati akaona kwamba imepakwa chini pia. Tundu lilipakwa kwa ndani. Hakukuwa na sehemu hata ndogo kiasi cha jino la kuku ambapo chuma kiligusana na chuma. Pembeni, kwa rangi nyeupe, palikuwa na namba mia moja na kumi na mbili, na moja zake mbili zilikuwa na vijiguu vidogo chini, kama herufi za kuchongwa. Katika nyumba nzima mtu mmoja tu aliandika moja za namna hiyo.

Bi Harusi alibaki pale chini, shavu juu ya zulia, akitafakari. Chuoni walifundishwa mambo mengi kuhusu kutu, moto na nyaya zilizogusana. Hawakufundishwa namna ya kumwambia baba mkwe kwamba yeye mwenyewe, kwa unadhifu wake, ndiye aliyeinyamazisha amplifaya yake, na kumwambia hivyo wakati ndiye hakimu na hukumu bado haijasomwa. Kulikuwa na njia ya heshima. Angepiga msasa kimyakimya, angekaza nati, angerudisha zulia, na akiulizwa angesema palikuwa pamelegea. Amplifaya ingezungumza, chumba kingepatikana, mzee angebaki na sifa zake. Hakuna ambaye angeumia. Aliuona mpango huo ni mzuri sana, kama ionekanavyo mipango yote inayoanza na mtu kujificha nyuma ya kiti.

"Unafanya nini huko muda wote huo?" Injinia aliuliza.

"Nasafisha."

"Usafi ndiyo fani yako," alisema kwa ukarimu. "Toka basi, nimalizie mimi."

Alipiga msasa tundu, boliti na pete mpaka chuma kikawa cheupe. Alirudisha waya, akaanza kukaza nati kwa spana. Na katika mzunguko ule ule wa mwisho, pete ilipokaa sawasawa juu ya chuma, Injinia aliinama dirishani, akanyoosha mkono juu ya mgongo wa shemeji yake, akaigonga amplifaya mara mbili kwa mpini wa bisibisi.

Kitaa cha kijani kikawaka. Spika zikaguna, na kwa kuwa Injinia alikuwa ameiacha maikrofoni wazi tangu asubuhi, neno lake la kwanza lilisikika hadi mtaa wa tatu.

"Mmeona?"

Familia ilimiminika uani. Mama Mkwe alisema amekuwa akisema siku zote kwamba mtoto huyu ana mkono. Mzee Stoo alitoka akifunga vifungo vya shati, amesimama wima kama siku za kiwandani, na Injinia akampa taarifa kamili: transista zilikuwa zimekwama, naye amezikwamua. Asubuhi zilikuwa zimeungua, lakini kupona haraka si kosa. Hakuna aliyemwuliza Bi Harusi chochote, kwa sababu sehemu yake iliyoonekana wakati huo ilikuwa miguu tu, ikitokeza kwenye mlango wa gari, na si kawaida kuiuliza miguu.

"Basi meza iingie," Mzee Stoo alisema.

Injinia alimkabidhi mdogo wake upande mmoja wa meza na yeye mwenyewe akarudi kwenye maikrofoni, kwa kuwa shukrani hazingeweza kungoja. Fundi cherehani, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, aliinua upande wake. Alipiga hatua mbili. Kisha akaiweka meza chini, akaenda kwenye mlango wa gari, akachuchumaa.

"Ulikuwa unafanya nini huku chini?" alimwuliza mkewe, taratibu.

Katika miaka sita lilikuwa swali lake la kwanza kumwuliza mbele ya watu. Bi Harusi alimtazama. Angeweza kujibu kwamba alikuwa anasafisha, na jibu hilo lingekuwa kweli, na lingemrudisha chini ya kitanda yeye na vifaa vyake vyote. Juu yao sauti ya Injinia ilikuwa inaviringika mtaani: anawashukuru majirani kwa uvumilivu wao, anawahakikishia kwamba kazi ya kitaalamu, ikifanywa na mtu mwenye uzoe...

Nati ililegezwa mizunguko miwili na spika zikakata sauti.

Injinia aliitikisa maikrofoni. Akaipuliza. Bi Harusi alitoka nyuma ya kiti, magoti yana vumbi, spana mkononi, akasimama kando ya gari.

"Imezima tena, shemeji. Igonge."

Injinia aliigonga. Haikuwaka. Aliigonga upande wa kushoto, aliigonga upande wa kulia, aliigonga kwa mdundo ule ule wa mwanzo, mara mbili, akipumzika katikati ili kuipa nafasi. Mama Mkwe alimshauri agonge kwa bismillahi au kwa jina lolote atakaloona linafaa. Aligonga mpaka jasho likamtoka, na pale uani palikuwa kimya kiasi kwamba jirani alionekana kichwa kizima juu ya ukuta.

"Sasa weka mikono mfukoni," alisema Bi Harusi.

Aliweka, bila kujua kwa nini anatii. Bi Harusi aliingia nyuma ya kiti, akakaza nati. Kitaa cha kijani kikawaka, spika zikaguna. Akalegeza: kimya. Akakaza: mguno. Alifanya hivyo mara tatu, kwa utulivu wa mwalimu anayefundisha kuhesabu, kisha akatoka akajipangusa magoti.

Mzee Stoo alikuwa amesogea karibu. "Hapo chini kuna nini?"

Bi Harusi aliipangusa spana kwa upindo wa nguo yake. "Baba, wiki iliyopita ulilishughulikia gari."

"Siku tatu."

"Uliandika?"

Lilikuwa swali la karibu kumtukana. Mzee alitoa daftari mfukoni, akavaa miwani, akatafuta ukurasa kwa kidole kilicholowekwa ulimi, na akasoma kwa sauti yake ya matangazo. Jumatatu, amefungua boliti ya sakafu nyuma ya kiti, kutu kidogo, amepiga msasa, amepaka rangi mkono wa kwanza. Jumanne, mkono wa pili. Jumatano, mkono wa tatu, boliti na pete ya waya... Hapo mwendo wake ulipungua. "...pamoja, ndani na nje. Imerudishwa. Namba mia moja na kumi na mbili."

Alivua miwani.

"Rangi inazuia umeme?"

"Inazuia, Baba. Na hii ilipakwa vizuri mno. Ingekuwa kazi ya mtu mzembe, pangebaki upenyo mahali, umeme ukapita. Wewe hukuacha upenyo."

Mzee Stoo alimtazama kwa muda mrefu, akijaribu kujua kama anasifiwa au anachekwa. Bi Harusi alimtazama kwa adabu zote, na ukweli ni kwamba hata yeye hakuwa na hakika. Mama Mkwe aligundua ghafla kwamba ameacha kitu jikoni. Injinia alikohoa, akasema kwamba yeye alikuwa anaelekea huko huko, alikuwa anaondoa kwanza uwezekano mwingine.

"Ulikuwa unaelekea kununua mpya," babaye alimkumbusha.

Kisha akafanya jambo ambalo watu wa nyumba ile hawakuwahi kuliona. Alitoa kalamu, akainama nyuma ya kiti kwa shida ya mgongo wake, akamtaka Bi Harusi amwonyeshe kwa ncha ya spana: ni wapi hasa, upana gani, na kwenye gari zima ziko wapi boliti nyingine za namna hiyo. Zilikuwa nne. Aliziandika zote, akauliza tahajia ya neno moja, akapigia mstari kwa rula ya kibati aliyokuwa nayo mfukoni. Hakusema amekosea. Mtu aliyetunza stoo miaka thelathini na mmoja hana fomu ya jambo hilo. Lakini saa tisa kasorobo alipanda kwenye gari, akarekebisha kola kana kwamba spika zina macho, akachukua maikrofoni.

"Tangazo, tangazo. Gari hili lilinyamaza asubuhi kwa sababu za kiufundi." Alivuta pumzi, na mtaa mzima ukasikia. "Sababu hizo zimepatikana na kuondolewa na fundi wa umeme wa magari, mke wa mwanangu wa pili. Anapatikana chumba cha mbele cha nyumba hii, mlango wa barabarani, kuanzia sasa. Amesoma, ana cheti. Ninarudia: ana cheti."

Injinia alisogea dirishani akauliza kwa mnong'ono, sasa meza yake itakwenda wapi. Mzee hakuwa amezima maikrofoni.

"Utajua mwenyewe," zilisema spika zote mbili, na mitaa mitatu ikapokea taarifa hiyo kwa utulivu.

Gari liliondoka. Tangazo la maji lilianza kwa wakati wake, likazidi kufifia jinsi lilivyozidi kwenda mbali: jazeni ndoo, jazeni mapipa, siku mbili. Bi Harusi alifungua mlango wa chumba cha mbele kwa mara ya kwanza kutokea ndani. Kilikuwa na vumbi, kioo cha kinyozi kilichopasuka pembeni, na dirisha moja zuri. Mumewe alileta gunia na vifaa bila kuambiwa, akavipanga vibaya, naye akamwacha kwanza afurahi.

Hakuwa amemaliza kufagia alipofika mtu mnene anayesukuma pikipiki, anahema, akapita mbele ya Injinia aliyekuwa amesimama kizingitini na akauliza yuko wapi huyo fundi mwenye cheti. Injinia alifungua mdomo kwa mazoea.

"Ni mimi," Bi Harusi alisema, akaegemeza ufagio ukutani. "Imeanza lini kusumbua?"

"Nadhani ni koili, maana binamu yangu anasema..."

"Sijauliza binamu yako anasema nini," alisema, akachuchumaa kando ya pikipiki. "Nimeuliza imeanza lini."

Mtu yule alifikiri, na kwa mara ya pili siku hiyo kuna aliyesema hajui vizuri.